Mchapaji wa Wandegeya aliyegawa babu mmoja kwa darasa zima

Saa mbili kasoro asubuhi, na Celestine Akeyo tayari anagombana na printa. Anaipiga kofi ubavuni, anaifungua, anachomoa karatasi iliyokunjamana, anaifunga tena na kusubiri huku mikono iko kiunoni. Printa inakohoa, inanyamaza, halafu inaanza kazi. Nje ya kibanda chake hapa Wandegeya wanafunzi wa sekondari wamejipanga, kila mmoja anataka kazi yake itoke kabla kengele ya shule haijalia.

"Mmoja mmoja," anawaambia bila kugeuka. "Na mwenye flashi yenye virusi aseme mapema."

Akeyo, mwenye umri wa miaka thelathini na tisa, ni mchapaji. Anachapa, anatoa fotokopi, anajalidi, na wakati mwingine anasuluhisha ugomvi wa wapenzi wa hosteli ya jirani ambao barua zao za kuachana humpitia yeye. Alizaliwa Siaya, upande wa Kenya, akaja Kampala na mumewe ambaye ni fundi wa magari. Mtoto wao wa kwanza anaitwa Ogutu, kwa hiyo mtaa mzima unamwita Mama Ogutu. Kiganda chake, baada ya miaka yote hiyo, kinatosha kununua nyanya na kumtukana mwendesha boda. Mengine yote anayamaliza kwa Kiswahili.

Kibanda chenyewe kimebanwa kati ya ngazi za jengo la maduka na kijana anayekaanga rolex, ile chapati inayokunjiwa mayai ndani. Kuanzia asubuhi mpaka jioni karatasi zinatoka hapa zikiwa na harufu ya wino na vitunguu. Siku nzuri, akishatoa kodi, umeme na wino, Akeyo anabaki na kama shilingi elfu ishirini na tano za Uganda. Siku mbaya, anasema, anabaki na karatasi.

Anafahamika kwa usafi wa kazi. Lakini muhula uliopita jina lake lilifika kwenye chumba cha walimu kwa sababu nyingine kabisa, na kidogo msichana mmoja apoteze alama zake kwa ajili hiyo.

Wanafunzi wa sekondari siku hizi hupewa kazi za mradi. Mwalimu wa historia anawaambia waandike habari za mtaa wanaoishi, na wasiokote maneno hovyo. Watumie vyanzo vya kuaminika: maandishi yenye mwandishi anayejulikana, kitu kinachoweza kuonekana kwa macho, na mzee aliyekuwepo mambo yalipotokea.

Maandishi wanayapata maktaba. Kitu cha kuonekana wanakipiga picha kwa simu. Mzee ndiye shida. Kampala imejaa watu waliofika juzi. Babu wa huyu yuko Lira, nyanya wa yule yuko Mbale, na mwenye nyumba anayekaa mtaani tangu zamani hana muda isipokuwa tarehe ya kodi.

"Watoto walikuwa wanakuja na kazi nzuri sana, lakini mahali pa mzee pako wazi," anasema Akeyo. "Na mimi ni mtu wa kujaza. Nikiona nafasi tupu kwenye karatasi, vidole vinawasha."

Na mzee alikuwa pale pale mlangoni. Okwir, mlinzi wa jengo, ni polisi mstaafu mwenye miaka sitini na kadhaa, mtu wa kabila la Lango kutoka upande wa Lira. Anavaa koti zito la polisi ambalo halivui hata jua likiwa la kuchoma lami, na kila anayepita anamwita Afande. Anakaa kwenye kiti cha plastiki, na kwa sababu jengo hilo haliibiwi mchana, ana nafasi kubwa ya kuongea.

Wa kwanza kufaidika alikuwa mwanafunzi kutoka Nateete ambaye kazi yake ilitakiwa siku hiyo hiyo. Akeyo alimwonyesha mlango kwa kidole. Okwir aliwahi kufika Nateete, hilo ni kweli, mara moja, akimfukuza mwizi wa kuku. Mtoto alipouliza Nateete ya zamani ilikuwaje, mzee alimpa utoto mzima, pamoja na mto aliokuwa anaogelea na mwalimu aliyekuwa anamchapa.

"Ile mtoto aliuliza na heshima," Okwir anajitetea hadi leo. "Sasa mutu anakuuliza na heshima, wewe unasema nini? Unasema sijui? Mimi naona haya."

Habari zikaenea shuleni kwamba kwa Mama Ogutu ukichapisha kazi unapata na mzee. Wakaja wa Kyebando, Okwir akawa mtu wa Kyebando. Wakaja wa Wandegeya yenyewe, akawa amechunga mbuzi mahali ambapo sasa pana taa za barabarani. Hakudai hata senti; alipewa chai na rolex, na heshima ya kusikilizwa na kizazi kipya, ambayo nyumbani kwake haipatikani. Akeyo alikuwa anachapa huku akicheka kimoyomoyo. Aliona ni msaada tu, watoto wamepona, mzee amekula.

Katikati ya biashara hiyo akatokea Sumayiya.

Sumayiya ni binti wa koplo wa polisi, Mkristo kutoka Acholi, na mama Mwislamu, na wanaishi Kyebando. Yuko Sinia Tatu, yaani kidato cha tatu. Ni msichana mwembamba mwenye tabia ya kuuliza swali la pili kabla hujamaliza kujibu la kwanza. Mradi wake ulihusu kisima cha Kyebando, chemchemi iliyojengewa saruji chini ya nyumba yao, ambako watu wanateka maji mpaka leo mabomba yakikauka. Alifika kuchapisha umeme ukiwa umekatika, akakaa mlangoni kando ya Okwir kusubiri. Hakuomba mzee. Alitaja kisima tu, katika mazungumzo ya kupoteza muda, na mzee akaanza kucheka peke yake.

Alipotulia alimweleza kwamba alipokuwa konstebo mpya, miaka ya themanini inaishia, maji yalikuwa yamekatika mjini wiki kadhaa. Pale kisimani watu hawakusimama foleni wenyewe. Jioni waliacha madumu yao, ambayo Kampala huitwa jerikeni, yakiwa yamepangwa mstari mpaka barabarani, kila moja limefungwa kitambaa cha kulitambua, kisha wakaenda kulala. Jerikeni ndiyo iliyokuwa inashika nafasi, na hakuna aliyethubutu kuisogeza.

Bosi wake akamwambia foleni ile inaziba njia, aende alfajiri akamate wote watakaokuwa kwenye mstari. Okwir akaenda. Hakukuwa na mtu hata mmoja. Kulikuwa na jerikeni.

"Amri ilisema kamata yote iko kwa laini," alimwambia Sumayiya. "Mimi nilikamata yote iko kwa laini."

Alizifunga kwa kamba, akaazima toroli la mchoma mkaa na kuzipeleka kituo kidogo cha polisi kilichokuwepo wakati huo. Kisha, kwa maelezo yake, wanawake walikuja wakaomba msamaha kwa adabu, kila mmoja akarudishiwa jerikeni yake, na wakamshukuru. Sumayiya aliuliza toroli lilikuwa na gurudumu la nini, kituo kilikuwa upande gani wa barabara, vitambaa vilikuwa vya rangi gani. Mzee alijibu yote. Umeme uliporudi, Sumayiya alikwenda kuandika upya ukurasa mzima.

Jumatatu moja baada ya hapo mwanamke aliyevaa gauni la kijani aliingia kibandani. Akasema ana mtoto mwenye kazi ya historia ya Nateete na wamekosa mzee. Akeyo alikuwa anachapa barua ya kuomba kazi ya mtu. Hakuinua hata kichwa.

"Afande," aliita. "Nateete."

Okwir aliinuka kwenye kiti, akafunga vifungo vya koti, akakohoa kidogo. "Mimi nilizaliwa Nateete," akasema. "Ile wakati soko ilikuwa msitu."

"Na Kyebando?" mwanamke akauliza.

Okwir alimtazama Akeyo kuona kama oda imebadilika. "Kyebando pia," akasema polepole. "Mama yangu alikuwa nahama sana."

Mwanamke akatoa rundo la karatasi kwenye mfuko na kulitandaza juu ya mashine ya fotokopi. Ndipo akajitambulisha kuwa ni Madam Atim, mwalimu wa historia, na kwamba kazi zile zote ni za wanafunzi wake. Ndani yake mzee Okwir amezaliwa mara nne. Kwa mwanafunzi mmoja ni katekista mstaafu, kwa mwingine amehiji Maka, na kwa wa tatu amekufa, Mungu amrehemu.

"Nilitafuta pa kuingia nikakosa, kibanda ni kidogo," Akeyo anakumbuka. Okwir naye alishughulika sana na kuisoma ile kazi ambayo yeye ni marehemu.

Madam Atim hakupiga kelele. Amekulia kwenye nyumba za polisi, wanakozungumza Kiswahili, na chake kimenyooka kuliko walivyotarajia. Alisema katika kufundisha kwake ameona wanafunzi wakibuni vitabu, wakibuni kurasa, lakini babu wa jumla na rejareja hajawahi kumwona. Akafuta kazi zote zenye jina la Okwir na kuwapa watoto wiki mbili watafute wazee wao wenyewe.

Karibu wote walitii. Mmoja alimpigia babu yake simu kwa mara ya kwanza tangu Krismasi, babu akadhani kuna msiba. Sumayiya peke yake alikataa. Alisimama darasani akasema kazi yake haibadiliki, kwa sababu ni ya kweli.

"Madam, wengine walichukua mzee," alisema. "Mimi nilimsikiliza."

Madam Atim akamwuliza yeye kama mwalimu atajuaje hilo. Mwalimu akamweleza, wala si kwa ukali, kwamba mtu aliyezaliwa mara nne hawezi kuaminiwa mara ya tano. Kama hataki kubadilisha, basi alete mtu mwingine aliyekuwa kisimani siku ile, ambaye hakuisikia habari hiyo kwa Okwir. Asipomleta mpaka Ijumaa ya mwisho, atapata sifuri, na alama za mradi zinahesabiwa mpaka kwenye mtihani wa Sinia Nne.

Siku hiyo Sumayiya alikuja kibandani, akakaa juu ya katoni la karatasi na kulia. Hakumlaumu mtu. Akeyo anasema angelaumiwa ingekuwa nafuu.

"Wale niliowasaidia kudanganya wamesamehewa wote," anasema. "Huyu ambaye sikumjazia hata neno moja ndiye anaangamia. Usiku sikulala. Nilijiona mtu mbaya sana."

Kwa hiyo Jumapili iliyofuata alifunga kibanda, jambo ambalo halifanyi hata akiwa na malaria, akaenda Kyebando kutafuta shahidi. Okwir alisisitiza kwenda naye, kwa kuwa ni yeye aliyetukanwa. Alikuwa amepiga koti pasi. Akeyo alishika simu kurekodi, Okwir akashika uongozi wa msafara.

Walimkuta mama mmoja anafua karibu na kisima. Okwir alisimama mbele yake kikakamavu.

"Mama," akasema, "wewe unakumbuka ile siku polisi ilikamata jerikeni hapa, na wamama walikuja kuomba msamaha, na ile polisi iliwarudishia vizuri vizuri, sivyo?"

"Ndiyo, afande," mama akajibu, akaendelea kufua.

Wakaenda kwa muuza mkaa. Naye akasema ndiyo, afande, tena akaongeza kwamba alikuwepo na aliona kwa macho yake. Mtaa ule nusu ya nyumba zina mtu wa jeshi au polisi, na mtu mzima mwenye koti la polisi akikuuliza "sivyo", jibu ni moja tu. Walizunguka hivyo mpaka jua likakaa utosini, na wote waliowauliza walikubali. Okwir alirudi Wandegeya akipiga mluzi.

Jumatatu Akeyo alipeleka simu shuleni kwa fahari. Madam Atim alisikiliza rekodi yote, kisha akauliza muuza mkaa amekaa Kyebando tangu lini. Akeyo hakujua. Walipompigia, ilibainika amefika kutoka Arua miaka mitatu iliyopita.

"Hapa nasikia mtu mmoja anaongea," Madam Atim akasema, "na watu wanaomwogopa. Mashahidi wako wapi?"

Akamkalisha kwenye benchi la wanafunzi akamfundisha. Ukishampa mtu jibu ndani ya swali, anachokurudishia ni chako mwenyewe. Uliza kama mtu asiyejua, halafu nyamaza, hata kama kimya kinakuumiza. Na usimchukue anayekubaliana nawe haraka. Akeyo, aliyeacha shule kidato cha pili, anasema hilo ndilo somo la kwanza la historia lililomwingia.

Alitoka pale amenywea, maana siku zilikuwa zinakwisha. Jumatano jioni alirudi Kyebando, safari hii na Sumayiya, na Okwir akaachwa akilinda jengo kwa nguvu zote. Walikubaliana kwamba Sumayiya ndiye atauliza, na swali litakuwa moja: ni siku gani pale kisimani ambayo watu wa zamani hawaisahau? Jina la mzee lisitajwe, wala polisi, wala jerikeni.

Kunyamaza kulimshinda Akeyo karibu kumtoa machozi. Watu waliwaambia habari za mbuzi aliyetumbukia, za arusi iliyokosa maji, za kijana aliyetupwa kisimani na mchumba wake. Mara mbili alifungua mdomo kumsaidia mtu kukumbuka, na mara mbili Sumayiya alimkanyaga mguu. Giza lilipokaribia walielekezwa kwa Mama Abalo, mjane wa askari wa jeshi, anayeuza karanga na ufuta wa kusaga kwenye kibaraza chake.

Mama Abalo alilisikia swali, akaweka kijiko chini, akawaangalia mmoja baada ya mwingine.

"Yule polisi ya jerikeni," akauliza, "amekufa?"

Sumayiya alishindwa kujizuia akamshika Akeyo mkono. Mama Abalo hakungojea jibu.

Alikuwa bibi arusi mpya wakati huo, jerikeni yake imefungwa kitambaa chekundu, na ilikuwa karibu kabisa na bomba la kisima. Asubuhi alikuta foleni yote imetoweka. Wanawake walikwenda kituoni, ndiyo, lakini kuomba msamaha hapana. Walikaa chini mlangoni wakakataa kuondoka. Walisema jerikeni zao zilikamatwa zikiwa kwenye foleni, na sasa nafasi imepotea, kwa hiyo hawazichukui tupu. Mkubwa wa kituo alipowaona wameanza na kuimba, akamwamuru yule konstebo aende akazijaze zote na kuzirudisha.

"Alibeba maji tangu asubuhi mpaka adhana ya alasiri," Mama Abalo alisema. "Na yunifomu. Ile kofia ya serikali aligeuza ngata, akaweka maji juu. Sisi tulikaa kivulini, tunamwambia hii ya nani, hii ya nani. Mimi yangu alimwaga nusu. Mpaka leo nadai ile nusu."

Sumayiya aliandika mpaka kalamu ikakwama. Akeyo, ambaye alipaswa kuruka kwa furaha, alikuwa anaona balaa jipya. Shahidi amepatikana, lakini amekuja na habari ambayo Okwir hataikubali hata kwa bunduki.

Na kweli hakuikubali. Alhamisi asubuhi alisomewa maelezo hayo akiwa kwenye kiti chake, akasema yule mama ni mwongo, na kwamba tangu azaliwe hajabeba maji ya mwanamke yeyote, mkewe akiwa shahidi. Akeyo alimwambia kazi ya mtoto inategemea yeye. Okwir akasema hata yeye ana jina. Siku nzima hawakusemezana, na rolex ya mzee ililetwa na kijana wa chapati bila salamu.

Akeyo alitaka kukata tamaa. Aliwaza kumpelekea mwalimu ile nusu inayolingana na kuificha nyingine. Vidole, anakiri, viliwasha kweli kweli. Lakini Sumayiya alikataza jambo hilo lisisemwe tena. Akasema wawapeleke wote wawili kama walivyo, liwalo na liwe.

Ijumaa, saa ya chai, walikaa kwenye varanda ya shule: Madam Atim na kalamu yake, Sumayiya akitafuna kucha, Akeyo, na wazee wawili kwenye viti vya wanafunzi vilivyokuwa vifupi kwao. Okwir na Mama Abalo hawakuwa wameonana tangu siku ile ya jerikeni. Hawakusalimiana. Mama Abalo alimkagua kuanzia viatu mpaka nywele, akasema tu kwamba amezeeka.

Mwalimu akampa mzee nafasi ya kwanza. Okwir alieleza amri, mstari, kamba, toroli. Mama Abalo aliitikia kwa kichwa mpaka hapo. Hata toroli alilikumbuka, la mchoma mkaa, gurudumu limefungwa waya. Ilipofika kwenye wanawake walioomba msamaha kwa adabu, alicheka mpaka akashika mbavu.

"Msamaha ya nani?" akasema. "Wewe ulibeba maji yetu. Ulibeba na kofia kwa kichwa kama ngata, kofia ya serikali."

"Uongo!" Okwir alisimama, koti likatetemeka. "Madam, huyu mama anachafua mimi. Mimi siwezi kuweka maji juu ya kofia ya serikali. Kofia nilivua, niliweka kwa mfuko. Nilitumia sweta."

Madam Atim aliacha kuandika. Sumayiya aliacha kucha. Okwir alibaki amesimama, kidole bado kiko hewani, na uso wake ukaanza kuelewa kidogo kidogo kile ambacho mdomo wake umeshasema.

"Sweta," Madam Atim akarudia, akaandika.

"Kofia," Mama Abalo akasema.

"Sweta," Okwir akasema kwa sauti ya chini, akakaa.

Walibishana kuhusu kofia na sweta mpaka chai ikapoa. Mwalimu hakuwazuia. Mwishowe alimgeukia Akeyo, akasema kwamba Jumatatu aliletewa watu waliokubaliana kwa kila kitu akawakataa. Leo ameletewa ugomvi, na anaukubali, kwa sababu watu waliopanga uongo pamoja hawagombani namna hii. Akamwamuru Sumayiya aandike yote mawili, kofia na sweta, aseme nani kasema lipi na kwamba jambo hilo halijulikani mpaka leo. Kazi ikapokelewa.

Sumayiya alikwenda akapiga magoti mbele ya wazee, kama wasichana wa Kampala wanavyosalimia wakubwa, akawashukuru mmoja mmoja. Akeyo alilia wazi wazi mbele ya walimu wengine, na haoni aibu kulisema.

Mradi ule ulipata alama ya juu darasani. Okwir alinuna wiki nzima. Lakini Mama Abalo alipita Wandegeya kununua mifuko ya kufungia ufuta, akamwachia mzee kopo la karanga za kusaga, akisema ni la kumsaidia kukumbuka vizuri. Sasa mzee mwenyewe anaisimulia habari ya maji kwa kila anayekaa mlangoni. Ameongeza idadi ya jerikeni, kwa mujibu wa Akeyo, na mwinuko wa kilima alichopanda na maji unazidi kuwa mkali.

Kuzaliwa Nateete ameacha. Wanafunzi wanaendelea kuja kumtafuta, na asubuhi hii mmoja ananong'ona dirishani kwamba kazi yake imekosa mzee wa Kawempe. Akeyo anamaliza kujalidi anachojalidi kabla hajamjibu.

"Wazee wako Kawempe," anamwambia. "Nenda utafute wawili wasiosalimiana. Kila mmoja muulize peke yake, halafu ufunge mdomo. Ukimaliza, uje nikuchapie."

Mtoto anaondoka bila kuridhika. Biashara, Akeyo anakiri, imepungua kidogo kwa upande wa historia. Lakini mwenyewe ana mpango, na anausema huku akiangalia mlangoni kana kwamba kuna mtu anayemsikiliza. Baba yake alifariki yeye akiwa mdogo sana. Ana shangazi wawili huko Siaya ambao hawajasalimiana tangu mazishi. Mmoja anasema marehemu alikuwa dereva wa lori, mtu wa sala, mwenye mkono mwepesi wa kutoa. Mwingine anasema alikuwa anapitisha ng'ombe wa watu mpakani usiku, na lori lenyewe halikuwa lake. Miaka yote Akeyo alimsikiliza yule wa kwanza, na kwa wa pili hakuwahi kukanyaga.

Desemba atapanda basi na simu yake iliyojaa chaji, aanze na huyo wa pili. Ogutu anaingia sekondari mwakani, na mradi wa historia unamngoja kama wenzake.

"Nataka akiulizwa mzee wake asije kusimama hapo mlangoni na wengine," anasema. "Nataka awe na babu wa kwake. Hata kama ni mwizi wa ng'ombe."